Siku Tano za Kungoja Kufutwa

Kila asubuhi, kabla ya chai, nafungua dirisha jeusi la kompyuta na kuuliza swali lile lile. Naandika whois, naruka nafasi moja, naandika jina la boma letu, nukta, herufi tatu, kisha nabonyeza. Jibu huja kabla sijavuta kiti. Ni kama kwenda ofisi ya ardhi, ila karani huyu hana likizo, hatoki kwenda kunywa chai na hakuambii urudi Jumatatu. Anakusomea faili yote: jina limesajiliwa lini, litaisha lini, liko katika hali gani, mwenyewe ni nani. Akimaliza, kimstari kinapepesa chini ya skrini kikingoja niulize jambo jingine.

Mimi si mtu wa kompyuta. Nilisomea fasihi chuo kikuu, nafundisha uandishi katika chuo kimoja mjini Migori, na kwa miaka mingi niliandika magazetini makala za kulalamika kwamba mashine zinatuharibia lugha. Makala hizo niliziandika kwa mashine. Hizi amri mbili tatu ninazozijua nilijifunza kama mtu anavyojifunza majina ya dawa kwa sababu kuna mgonjwa nyumbani.

Tovuti ya boma ilikuwa wazo langu. Baba alipofariki, ndugu zangu walitaka kaburi la vigae. Nikasema vigae hupasuka, tujenge kitu cha kudumu. Walinitazama kwa ile heshima anayopewa mtu mwenye digrii asiye na gari. Kaburi likawekwa vigae, nami nikasajili jina la boma kwenye mtandao, nikaweka picha, nikachora mti wa ukoo. Kabla ya wiki mbili kwisha, wajumbe watatu walitoka Uriri kuja kuniuliza kwa nini nyanya yao amewekwa tawi la chini ilhali aliolewa kabla ya mwenzake. Nilirekebisha tawi. Vigae vya baba havijapasuka hadi leo.

Pamoja na tovuti, niligawa anwani za barua pepe kama mzee anayegawa mashamba. Kila mtu wa boma alipata yake, na hakuna aliyeitumia. Ilikuwepo pia anwani moja ya wote, rahisi kuliko zote: neno "nyumbani", ile alama ya a yenye mkia, kisha jina la boma. Nilijivunia sana anwani hiyo. Nilisema hata mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuisahau.

Binti ya dada yangu hakuisahau.

Dada huyu ndiye mkubwa wangu. Anaishi ufuoni, kati ya mji wa Homa Bay na Kendu Bay, mjane, muuza omena, Msabato wa kuanzia utosini hadi ukuchani. Binti yake wa pekee alienda nchi za Waarabu kufanya kazi za nyumbani. Miezi ya kwanza alipiga simu. Kisha simu zikakoma. Simu ya dada nayo ilianguka ziwani akipakua omena kwenye mtumbwi, na laini haikurudishwa kwa sababu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha marehemu mumewe, akanunua nyingine yenye namba ambayo binti haijui. Ofisi ya wakala aliyempeleka msichana ilikuwa ghorofani mjini Migori. Nilipopanda ngazi kumtafuta, nilikuta saluni. Wakubwa tuliowaandikia walitujibu kwamba wanafuatilia.

Halafu, mchana mmoja, kwenye ile anwani ya wote, barua iliingia. Ya pili ilikuja baada ya miezi minne. Ya pili naijua kwa moyo: "Simu walichukua. Naandika na kompyuta ya mtoto wao akiwa anaoga. Namba zenu zote zilikuwa kwa simu, sina hata moja kichwani. Msijibu hapa, wataona. Hii ya nyumbani ndiyo tu niko nayo. Nikipata nafasi nitaandika tena hapa hapa. Mama asilie. Msibadilishe."

Hatukubadilisha. Hilo naweza kuapa. Tuliliacha tu jina lifike mwisho wake.

Naona nieleze hapa kosa langu, kwa sababu nimelieleza kwa watu wengi kwa namna ya kujipendelea. Jina la tovuti hulipiwa kwa mwaka; mimi nililipia miaka mitatu kwa mpigo. Lisipolipiwa tena, kampuni iliyolisajili hukutumia maonyo. Siku ya kusajili waliniuliza maonyo yatumwe wapi, nami, kwa fahari ya siku ile, nikatoa anwani mpya ya msimamizi wa boma, yaani mimi, kwenye jina lile lile la boma. Neno la siri la anwani hiyo nililisahau mwezi huo huo. Maonyo yalitumwa yote. Yalifika salama kwenye chumba ambacho sikuwa na ufunguo wake, na jina lilipokatwa, hata chumba hakikuwepo.

Na si hilo tu. Dada alikuwa akinipigia kila Jumapili jioni.

"Japuonj, umeangalia?" Japuonj ni mwalimu kwa lugha yetu. Hunitania nalo tangu nipate kazi.

"Nimeangalia, dada."

"Kuna kitu?"

"Bado."

Kuna Jumapili nilikuwa nimeangalia, na kuna Jumapili nilikuwa sijaangalia, nikaona tofauti ni ndogo, maana jibu lilikuwa lile lile kwa mwaka mzima. Nilikuwa na karatasi za wanafunzi za kusahihisha. Nilikuwa na mafua. Wiki zikawa saba, labda nane. Siku niliyofungua kweli, tovuti haikuwepo, sanduku la barua halikuwepo, na kompyuta iliniambia, kwa upole wa mashine, nihakikishe kwamba nimeandika jina sawasawa.

Hapo ndipo nilipojifunza whois. Rekodi ilisema jina bado limeandikwa kwangu lakini limesimamishwa. Muda wa kulikomboa ungalipo. Nikaiandikia kampuni. Wakajibu haraka, kwa adabu: kwa usalama wangu, tafadhali nitume ombi hilo kwa kutumia anwani iliyosajiliwa. Nikawaeleza kwamba anwani iliyosajiliwa imekufa pamoja na jina ninaloomba kulifufua. Wakanishukuru kwa maelezo, wakanipa namba ya ombi langu, wakaniomba nithibitishe namba hiyo kwa anwani iliyosajiliwa. Niliwatumia nakala ya kitambulisho. Niliwatumia picha yangu nikiwa nimeshika kitambulisho, nimekonda, kama mtu aliyekamatwa. Nilipiga simu nikasikiliza muziki. Kila asubuhi nilisoma rekodi, na kila asubuhi tarehe ilikuwa imesogea.

Jumatatu moja hali ilibadilika. Palikuwa na maneno mawili yaliyobanwa pamoja: pendingDelete. Linangoja kufutwa. Nikasoma kwamba hatua hiyo huchukua siku tano, na kwamba ndani yake hakuna awezaye kufanya lolote, si mimi, si kampuni. Siku hizo tano zikiisha jina huachiliwa, na yeyote duniani anaweza kulisajili upya, wa kwanza kufika. Majina yenye zile herufi zetu tatu za mwisho, walisema watu kwenye mtandao, huachiliwa saa ambazo kwetu ni jioni: kuanzia saa kumi na moja hivi, pengine hadi saa kumi na mbili na zaidi. Hakuna aliyeandika dakika.

Nikahesabu kwa vidole. Jumatatu na siku tano. Nikahesabu tena. Kisha nikampigia dada na kumwambia yote, pamoja na zile wiki saba au nane.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

"Kwa hiyo tunaweza kulinunua tena," alisema.

"Tukiwahi."

"Siku gani?"

"Jumamosi."

Nikasikia mbuzi wake wakilia nyuma yake.

"Jumamosi saa ngapi?"

"Jioni."

"Nisikie vizuri. Kabla ya jua kuzama au baada?"

"Sijui, dada. Inaweza kuwa kabla."

"Basi njoo," alisema. "Utafanyia hapa kwangu. Ni mtoto wangu."

Kwa asiyewajua Wasabato wa pwani yetu ya ziwa: Ijumaa jua likizama, moto wa kupikia umeshazimwa, chakula cha kesho kimeshapikwa, viatu vimepigwa rangi, na redio imefunikwa kitambaa. Hakuna kununua wala kuuza mpaka jua lizame tena Jumamosi. Mtu akifika kwa dada kuomba omena siku hiyo akiwa na njaa, atapewa bure. Akitoa noti, ataambiwa airudishe mfukoni. Mimi nililelewa hivyo. Nimeacha zamani, kimyakimya, kama mtu anayeacha kulipa ada ya chama. Migori mjini nanunua gazeti Jumamosi bila kuhisi chochote. Lakini nikiwa ndani ya nyumba ya dada, huwa siwezi hata kununua bando.

Nilifika Ijumaa mchana. Nilinunua bando mapema, nikajaza fomu yote ya usajili isipokuwa kitufe cha mwisho, nikachaji kompyuta. Dada aliyatazama matayarisho hayo kama anavyotazama sufuria ya wali wa Sabato, akaridhika. Kesho yake tulienda kanisani. Alivaa gauni lake la bluu. Alipewa nafasi ya kuombewa, akasimama mbele, akasema tu kwamba kuna jambo la mtoto.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa tumeketi nje ya nyumba yake, yeye kwenye kiti, mimi kwenye kigoda, kompyuta imefungwa juu ya magoti yangu. Jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa, kubwa, halina haraka. Kule kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa nimetazama dakika yake kamili kwenye simu, Ijumaa.

Saa kumi na moja na nusu dada alisema, bila kunitazama, "Mwaka juzi ng'ombe wa jirani alitumbukia mtaroni Sabato, katikati ya ibada. Wanaume wote walitoka wakamvuta. Mchungaji mwenyewe alivua koti."

"Nakumbuka uliniambia."

"Hakuna aliyetengwa."

Nikatazama jua.

"Sasa hii," alisema, "ni ng'ombe, au ni biashara?"

Nimesoma miaka mingi. Nimeandika kurasa na kurasa juu ya mambo ambayo hakuna aliyeniuliza. Hapo ndipo nilipoulizwa jambo na mtu aliyehitaji jibu, na ambaye angelikubali jibu langu, maana yeye hakuijua mashine na mimi niliijua. Neno moja lingetosha. Ningesema, ni ng'ombe, dada. Angesema, basi mtoe.

Nikasema, "Wewe ndiye unayejua dini."

Akakunja mikono juu ya gauni la bluu. "Basi tungoje," alisema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuwa namheshimu Mungu wake. Sikuwa hata nikimfikiria. Ningeweza kusema naenda msalani, nikaenda nyuma ya nyumba na simu mfukoni, mahali ambapo nimefanya mabaya makubwa zaidi nikiwa kijana. Ukweli ni kwamba nilipiga hesabu. Kama ningevunja Sabato yake na bado nikakosa, lingekuwa kosa langu la tatu. Kama tungengoja na tukakosa, ungekuwa uamuzi wake. Nilimwachia mama wa mtoto abebe, na nikauita huo ukimya adabu.

Jua lilishuka taratibu kama mgeni anayeaga na kuanza hadithi nyingine mlangoni. Lilipozama, dada alisimama, akaimba ubeti mmoja wa kufunga Sabato kwa sauti ndogo, kisha akaomba. Aliombea kanisa. Aliombea wagonjwa kwa majina. Aliombea wavuvi, serikali, mvua. Mimi nilikuwa nimeshainua kifuniko cha kompyuta nusu. Aliniombea mimi, mikono yangu na akili niliyopewa. Alisema amina, akafumbua macho, akasema, "Sasa."

Niliuliza rekodi kwanza. Jibu lilikuja upesi kama kawaida. Limesajiliwa: leo. Saa iliyoandikwa ni ya Uingereza, na nikiongeza zetu tatu, ilikuwa saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Litaisha: mwaka ujao. Mmiliki: amefichwa kwa faragha.

"Inasema nini?"

"Limechukuliwa."

"Saa ngapi?"

Ningeweza kudanganya, nilikuwa na mazoezi. Nikamwambia saa. Alitazama ziwani, pale jua lilipokuwa. Alikuwa akipima, najua, lilikuwa juu kiasi gani wakati ule.

"Nilikuwa nimekaa hapa," alisema.

Kisha akaingia ndani kuwasha moto.

Wiki iliyofuata nilimwendea kijana mmoja mwenye duka la kompyuta hapa Migori, fundi anayeheshimika. Alicheka, si kwa ubaya. "Mzee, hizo hukamatwa na mashine. Ziko macho mchana na usiku zinangoja majina yaachiliwe. Hata ungekuwa na kidole juu ya kitufe, hungeweza."

"Hungeweza kabisa, au si rahisi?"

Alifikiri. "Saa zingine mtu hupata. Kama hakuna mwingine anayelitaka. Lakini jina likishakaa miaka na lina watu waliowahi kulitembelea, hizo mashine hulitaka."

Waliowahi kulitembelea walikuwa wajumbe wa Uriri, na sisi, na msichana wetu kwa barua zake mbili. Nilirudi ufuoni nikampa dada maneno ya fundi kama faraja, nikiacha alichosema baada ya kufikiri.

"Kwa hiyo tungoje au tusingoje, ni mamoja?" aliuliza.

"Ni mamoja."

Alikuwa akichambua omena kwenye ungo. Hakuinua uso. "Owadwa, ndugu yangu, usinipunguzie," alisema. "Hujui."

Sijui. Niliyauliza maandishi yote niliyoweza kuyapata, na hayasemi.

Kwa miezi miwili mahali pa boma letu palikuwa na ukurasa wa kubashiri mpira, wenye picha ya kijana anayeruka kwa furaha. Hilo halikuniuma sana. Hata mti wa ukoo ulikuwa kubashiri kwingi. Kilichonifanya niuangalie kila siku ni amri ya pili, dig, ambayo ukiiandikia herufi mbili za mx inakuambia barua za jina fulani zipelekwe wapi. Mwanzoni jibu lilikuwa tupu. Hilo, nilijiambia, lina nafuu yake. Msichana akiandika, barua itamrudia ikisema anwani haipo. Ataogopa, atalia, lakini atajua. Atajaribu kukumbuka njia nyingine.

Halafu asubuhi moja mstari ukajitokeza. Mmiliki mpya, au mashine yake, alikuwa ameweka sanduku linalopokea barua zote zinazotumwa kwa jina hilo, ziwe za nani. Nilijaribu. Niliandika kutoka anwani yangu ya kazini, nikatuma kwa nyumbani. Ilipokelewa. Haikurudi.

Nilikaa mbele ya ule mstari hadi chai ikapoa. Maana yake ni hii: siku atakayopata nafasi, mtoto wa mwajiri akiwa anaoga, ataandika upesi upesi, atatuma, na hakuna kitakachomwambia kwamba hatukupata. Ataona imekwenda. Atangoja. Ataamini kwamba nyumbani wamesoma, wakanyamaza.

Nilimwambia dada siku hiyo hiyo, sikungoja Jumapili. Kama kuna kitu kimoja nilichojifunza ni hicho.

"Kwa hiyo kuna mtu anaishi pale," alisema.

"Si mtu hasa. Pengine hakuna anayesoma."

"Lakini barua inafika."

"Inafika."

"Basi mwandikie huyo mtu."

"Nani?"

"Huyo anayeishi pale. Mwambie kuna mtoto atakuja kubisha. Mwambie akija, asimfukuze, ampe namba yangu."

Nilianza kumweleza kuhusu faragha, kuhusu masanduku yanayomeza kila kitu, kuhusu watu wanaomiliki majina elfu kumi wasijue hata moja ni la nani. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri ya mgeni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Andika."

Alitamka kwa Kijaluo, nikaandika kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha, kwa msaada wa mwalimu wa dini ya Kiislamu wa chuoni kwetu, kwa Kiarabu, kwani hatujui anayeishi pale anasema nini. Barua ni fupi. Inamsalimu. Inasema hatudai mahali, amekwishapanunua na ni pake. Inaeleza ni msichana wa namna gani, na kwamba ataandika kwa haraka kwa hiyo huenda maneno yasikae sawa. Inatoa namba mbili za simu, ya dada na yangu. Dada alitaka iishe kwa kumwombea yule mtu na jamaa yake, ikaishia hivyo.

Tunaituma kila Jumapili jioni, dada akiwa kwenye simu, mimi nikiwa mezani Migori. Ananisikiliza nikibonyeza.

"Imefika?"

"Imepokelewa."

"Na nani?"

Nami nauliza tena rekodi, akiwa anasubiri upande wa pili, na ninamsomea mstari ule kama ulivyo, neno kwa neno, bila kuongeza kitu: mmiliki amefichwa.

"Haya," anasema dada. "Wiki ijayo."

Na anakata simu kwanza, siku zote yeye kwanza, kwa sababu hataki laini yake iwe inatumika, mtu mwingine asije akapiga akaikosa.